Kabla hujasaini tena na kampuni ileile

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni afisa TEHAMA katika taasisi ya umma hapa Dar es Salaam. Mfumo wetu wa wateja na ankara ulinunuliwa mwaka 2017 kutoka kampuni binafsi ya hapa nchini, na tangu hapo kampuni hiyohiyo ndiyo inayoufanyia matengenezo. Ada inapanda kila mwaka na ankara yao huja kwa dola. Sasa wametuandikia kwamba toleo tulilonalo linafikia mwisho, tununue jipya kutoka kwao, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kugusa mfumo. Mkataba unaisha 30 Juni. Bosi ameniagiza niandike maelezo ya kuhalalisha ununuzi kutoka chanzo kimoja. Je, ni halali? Nikikataa kuandika nitakuwa nimekosea? Na tutatokaje hapa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile la kwanza kwa kuwa ndilo jepesi. Ndiyo, kununua kutoka chanzo kimoja ni halali. Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 na Kanuni zake za 2024 zinaitambua njia hiyo, kama ilivyotambuliwa na sheria ya 2011 iliyotangulia. Wala si lazima kuwe na bahasha chini ya meza kila inapotumika. Ila ni njia ya kipekee yenye masharti, na mzigo wa kuonyesha kwamba masharti yametimia uko kwa taasisi yako. Barua ya kampuni inayosema "hakuna mwingine anayeweza" haiwezi kuubeba mzigo huo. Ni tangazo la biashara lenye muhuri.

Masharti yenyewe, ukiyaondolea lugha ya kisheria, ni machache. Kitu unachotaka kiwe kweli kinapatikana kwa mmoja tu mwenye haki ya kipekee. Au taasisi iwe imeshanunua kwake na sasa inahitaji nyongeza ambayo lazima ioane na kile cha kwanza, na kubadili kungeleta hasara kubwa kuliko kuendelea. Au kuwe na dharura ambayo taasisi haikuweza kuiona ikija na haikuisababisha kwa uzembe wake.

Hilo la dharura lifute kabisa. Mkataba ulioandikwa tangu siku ya kwanza kwamba unaisha 30 Juni hauwezi kuzua dharura mwezi Mei. Nimepitia mafaili yenye neno "dharura" kwa herufi kubwa, na ukifuatilia unakuta kilichotokea ni kwamba hakuna aliyeufungua mkataba kwa miaka mitatu. Mkaguzi akilipata faili la namna hiyo hana haja ya kuuliza maswali mengi. Anachukua tarehe mbili, ya mkataba na ya ombi, anaziweka kwenye sentensi moja ya hoja yake, basi.

Sharti la kwanza ndilo linalopindwa zaidi kwenye TEHAMA. Kampuni inaleta barua ya mtengenezaji wa ng'ambo inayosema wao ndio wakala pekee Tanzania. Barua inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isithibitishe chochote. Inachosema ni kwamba bidhaa ile ina wakala mmoja hapa. Haisemi kwamba hitaji lako haliwezi kutimizwa na bidhaa nyingine. Taasisi yako inahitaji kutoa ankara, kupokea malipo kupitia GePG, mfumo wa malipo wa serikali, na kufunga hesabu mwisho wa mwezi. Jina la bidhaa halimo kwenye hitaji hilo. Ndiyo maana sheria inakataza kutaja jina la bidhaa kwenye viainishi vya zabuni, yaani maelezo ya kitu kinachotakiwa, na pale ambapo hakuna namna nyingine ya kueleza, jina hilo lifuatiwe na maneno "au inayolingana nayo". Na hata pale ambapo bidhaa fulani haina budi, kwa mfano leseni za kanzidata (programu ya kuhifadhi taarifa) ambayo tayari mnaitumia, wauzaji walioidhinishwa kuuza leseni hizo huwa zaidi ya mmoja. Ofisi zao unaweza kuzipitia kwa miguu asubuhi moja hapa mjini. Washindanishe kwa bei.

Linabaki sharti la kuoana na kilichopo. Kwa maelezo uliyonipa, hilo ndilo pekee linaloweza kusimama, na hapo ndipo taaluma yako inapohitajika kuliko ya mwanasheria. Maana swali linakuwa: ni kitu gani hasa kinachotufunga kwao?

Watu hujibu "mfumo". Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mfumo ni vitu vingi vilivyofungwa kwa njia tofauti. Kuna taarifa za wateja, ambazo ni mali yenu bila ubishi lakini zimehifadhiwa kwa mpangilio anaoujua aliyeujenga. Kuna msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ambao huenda mkataba wa 2017 ulisema ni wenu, ulisema ni wao, au haukusema kitu. Kuna leseni. Kuna nywila ya msimamizi mkuu wa seva na ya kanzidata. Kuna viunganishi na mifumo mingine ya serikali. Na kuna ujuzi uliomo vichwani mwa vijana wao wawili watatu ambao huwa mnawapigia simu mambo yakiharibika. Mpaka umejua ni kipi kati ya hivyo mnacho na kipi hamna, hata bodi ya zabuni haiwezi kuamua kitu cha maana.

Kuna jaribio ambalo nakuomba ulifanye kabla hujaandika mstari mmoja. Chukua nakala rudufu ya jana usiku. Tafuta seva tupu, hata ya kuazima. Waambie wenzako wawili mjifungie kazini Jumamosi moja, msimpigie mtu yeyote wa kampuni, mjaribu kuusimamisha mfumo kutoka kwenye nakala ile. Andika kila mahali mnapokwama na saa mliyokwama. Mtakwama, lakini muhimu ni wapi. Mkikwama kwa sababu nakala imefungwa kwa nywila ambayo taasisi haina, hilo ni tatizo la utawala na linatatuliwa kwa barua. Mkikwama kwa sababu programu inadai namba ya leseni iliyofungamanishwa na seva ya zamani, hilo ni la mkataba. Na mkigundua kwamba nakala mlizokuwa mkizihifadhi kila usiku hazifunguki kabisa, mshukuruni Mungu mmegundua Jumamosi.

Taasisi moja niliyoisaidia ilifanya jaribio hilo, ikasimamisha kanzidata yote bila shida. Walishangilia. Kisha wakafungua jedwali la wateja. Safu za jedwali zilikuwa na majina kama F017 na F022, na kulikuwa na safu ya hali ya mteja yenye tarakimu: 1, 2, 4, 7, 9. Moja ilieleweka, ni mteja hai. Mbili, amesitishiwa huduma. Nne wakabuni. Saba hakuna aliyejua, na wateja wenye saba walikuwa maelfu. Walikaribia kuwahamishia kwenye mfumo mpya kama wadaiwa wa kawaida, mpaka mama mmoja wa uhasibu aliyekuwa anakaribia kustaafu akakumbuka: saba ni wale ambao bodi ya wakurugenzi iliwafutia madeni. Fikiria ankara za madeni yaliyofutwa zingetua kwenye simu za watu wale. Taarifa walikuwa nazo, maana yake hawakuwa nayo. Kitu kilichokosekana kinaitwa kamusi ya data: orodha ya kila jedwali, kila safu, na kila tarakimu inasimamia nini. Ni kazi ya wiki mbili tatu kwa anayeujua mfumo, ya miezi kwa asiyeujua. Ndiyo maana kampuni haziipendi.

Usidhani kila mfumo lazima ukufunge hivyo. Tazama LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mwaka 2024 kaya nyingi ziliingia kwenye zoezi la kuboresha mita: unanunua umeme unapata tokeni mbili za ziada za tarakimu 20 kila moja, unaziingiza kwa mpangilio, ndipo unaingiza ile ya umeme wenyewe. Watu walinung'unika, wazee wakaita wajukuu. Sababu ilikuwa kwamba tokeni za mita hizo hubeba hesabu ya dakika tangu mwaka 1993, na hesabu hiyo ilikuwa inafika ukingoni tarehe 24 Novemba 2024 katika kila nchi inayotumia kiwango kinachoitwa STS. Kwa mtu wa ununuzi, cha kujifunza pale si usumbufu wa tarakimu. Mita zilizobandikwa kwenye kuta za Mbagala na Mikocheni hazikutoka kiwanda kimoja, lakini zote hupokea tokeni za mfumo mmoja wa mauzo, kwa kuwa kiwango kile ni cha wazi na hakuna mtengenezaji mmoja anayekimiliki. Anayenunua mita zinazofuata kiwango hicho anaweza kushindanisha watengenezaji kila mara anaponunua. Nyinyi mwaka 2017 mlinunua mfumo bila kuuliza swali la kiwango, na bei mnayolipa sasa ni ya swali hilo.

Najua utasema 2017 hukuwepo. Sawa. Mara nyingi hata waliokuwepo hawakuona kosa, kwa sababu bei ya kwanza ilikuwa nzuri. Hapo ndipo ninapotaka uniamini: kwenye mifumo, bei ya kununua ni ndogo kuliko bei ya kukaa nao, na bei ya kuondoka haiandikwi popote. Mzabuni anayejua biashara yake anashinda kwa bei ya chini mwaka wa kwanza, akijua mwaka wa nne hakuna atakayeshindana naye. Huo si wizi, ni hesabu. Halafu mgema akisifiwa tembo hulitia maji: mkishamwandikia barua mbili za pongezi kwa "ushirikiano mzuri", atazitumia kama ushahidi kwamba hana mbadala.

Sasa lile la pili, je ukatae kuandika? Usikatae. Lakini usiandike ulichoagizwa, andika unachokijua. Sheria inatenganisha majukumu ya Afisa Masuuli (mkuu wa taasisi), bodi ya zabuni, Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi, idara tumizi (inayohitaji kitu kinachonunuliwa) na kamati ya tathmini, na kila mmoja anapaswa kufanya kazi yake bila kuingiliwa na mwingine. Wewe uko upande wa idara tumizi. Kazi yako ni kueleza hitaji na hali ya kiufundi. Kuchagua njia ya ununuzi si kazi yako, ni ya bodi kwa mapendekezo ya kitengo, na wa mwisho kubeba lawama ni Afisa Masuuli. Kwa hiyo andika dokezo sabili, yaani maelezo mafupi ya ndani ya ofisi. Sema mfumo unafanya nini, jaribio la Jumamosi lilionyesha nini, vitu gani taasisi inavyo na gani haina, kuhama kungechukua muda gani na kungegharimu kiasi gani kwa makisio yako. Sema waziwazi kwamba mwingine anaweza kuufanyia kazi mfumo akipewa kamusi ya data na msimbo chanzo, kama ndivyo ulivyoona. Kisha hakikisha dokezo limeingia kwenye faili likapata namba ya folio (namba ya waraka ndani ya faili), au limepita kwenye e-Ofisi, mfumo wa mafaili ya kielektroniki, ambako kila aliyelifungua anaonekana. Usiliache mezani kwa mtu. Usilitume kwa WhatsApp.

Nakwambia hivyo kwa sababu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anapokuja, haulizi nani alikuwa na nia njema. Anauliza nani aliandika nini. Sentensi "hakuna kampuni nyingine inayoweza", yenye sahihi yako, itaishi muda mrefu kuliko bosi wako kwenye kiti chake.

Huenda mtaishia kusaini tena na kampuni ileile, na hilo si lazima liwe baya. Kwa muda uliobaki mpaka Juni sioni mkiandaa viainishi, mkitangaza, mkitathmini, mkajenga na kuhamisha wateja wote. Anayekwambia inawezekana hajawahi kuhamisha kanzidata. Ubaya ni kusaini miaka mitatu mingine kwa masharti yaleyale, tena kwa toleo jipya ambalo litaanzisha kifungo upya. Wakati kampuni inapotaka sahihi yenu ndio wakati pekee mnapokuwa na nguvu. Siku mbili baada ya kusaini nguvu hiyo imekwisha.

Kwa hiyo pendekezo langu: mkataba wa mpito, miezi 12, matengenezo ya toleo lililopo tu, hakuna toleo jipya. Mkataba huo uandikwe hivi kwamba kitu kikuu mnachonunua ni njia ya kutokea. Kamusi ya data iliyokamilika, ikabidhiwe ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Taarifa zote za wateja zitolewe kwa muundo wa wazi, CSV au SQL, kila robo mwaka bila malipo ya ziada. Nywila zote za juu ziwe mikononi mwa taasisi, kampuni ipewe akaunti zake zinazoonekana na zinazoweza kufungwa. Msimbo chanzo ukabidhiwe. Wakikataa katakata kwa kuwa ni bidhaa wanayowauzia wengine pia, basi uwekwe amana kwa mtu wa tatu, na muachiwe endapo kampuni itafilisika, itanunuliwa au itashindwa kutoa huduma. Vijana wenu wawili wakae na mafundi wao, wafanye marekebisho madogo kwa mikono yao.

Na hapa kuna kipengele kimoja ambacho ningekubali kupoteza vingine vyote nikibakiwa nacho. Malipo ya awamu ya mwisho yasitoke mpaka watu wasiotoka kwenye kampuni hiyo wameusimamisha mfumo wote kwenye seva tupu kwa kutumia nyaraka zilizokabidhiwa peke yake. Nyaraka za kukabidhi nimeziona nyingi, zimejalidiwa vizuri, zina nembo kwenye kila ukurasa, na huwezi kuwasha hata taa kwa kuzifuata. Jaribio haliwezi kudanganywa namna hiyo. Fungu la malipo hayo liwe kubwa kiasi cha kuuma. Ukiweka asilimia tano kampuni itaisamehe na kuendelea na maisha.

Kuhusu bei, msikubali jumla. Kwenye majadiliano dai mchanganuo: watu wangapi, siku ngapi, kwa kiwango gani kwa siku, leseni kiasi gani, safari kiasi gani. Ununuzi wa chanzo kimoja hauondoi wajibu wa kuonyesha kwamba bei ni ya haki, unaufanya uwe mgumu zaidi kwa kuwa hakuna mshindani wa kulinganisha naye. Linganisha na mlicholipa miaka iliyopita, linganisha na taasisi nyingine wanazozihudumia, na tazama zabuni zilizotolewa zinazoonekana kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Na hilo la dola, mwulize mwanasheria wenu wiki hii hii. Kuna kanuni zilizotangazwa tarehe 28 Machi 2025 zinazokataza kutoza na kulipa huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni, na mikataba ya zamani ilipewa muda wa kurekebishwa. Kampuni ya hapa, mafundi wa hapa, ofisi Mikocheni, ankara kwa dola: wakueleze wanategemea kipengele gani.

Wakati mkataba wa mpito unakwenda, ndipo mnatayarisha mahali pa kuhamia. Kabla ya yote, Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 inawataka mpeleke mradi wenu wa TEHAMA kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao, eGA, kabla ya kuanza. Watu huliona kama karatasi ya kuongeza muda. Mimi ningeanzia huko kwa sababu ya ubinafsi: huenda mfumo mnaoutaka tayari upo serikalini na mtaupata bila zabuni. Hazina ilikaa miaka mingi na mfumo wa malipo uliojengwa juu ya programu ya kununua, mwishoni ikiitwa Epicor, kabla MUSE iliyotengenezwa na wataalamu wa ndani haijaanza kuchukua nafasi yake mwaka wa fedha 2019/20. GePG mnayoitumia kila siku kutoa namba za malipo ilianza 2017, nayo ni kazi ya ndani. NeST yenyewe ndiyo mfano ulio karibu zaidi: kabla yake tulikuwa na TANePS iliyojengwa na kampuni ya nje, NeST ikaanza kutumika Julai 2023, na kufikia Oktoba mwaka huo taasisi zilitakiwa ziwe zimehamia.

Hata hivyo sitakuuzia mfumo wa ndani kama dawa ya kila ugonjwa. Mfumo uliojengwa na vijana wawili wa kitengo chako, bila nyaraka, ni chanzo kimoja pia. Tofauti ni kwamba kampuni ikiondoka inaacha mkataba wa kudai, kijana akipata kazi Nairobi anaacha kompyuta mpakato na kiti. Maswali ya Jumamosi ile yaulizwe kwao vilevile: nakala inafunguka, kamusi ipo, kuna wa tatu anayejua? Nimekutana na wakuu wa vitengo wanaojisifu kwamba wameachana na wauzaji, na ukimwomba akuonyeshe kamusi ya data anamwita kijana fulani ambaye yuko likizo.

Na kampuni binafsi kujenga mfumo wa umma halijawahi kuwa tatizo lenyewe. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mwaka 2013 iliingia mkataba na kampuni za nje kuweka mtambo wa kusimamia mawasiliano ya simu, TTMS, kwa utaratibu wa kujenga, kuendesha kwa miaka mitano kisha kukabidhi, na Januari 2019 mtambo ukakabidhiwa kwa mamlaka. Siku ya kukabidhi ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kusaini. Weka kando ya hilo habari ya jirani zetu: Mkaguzi Mkuu wa Kenya, Nancy Gathungu, katika ripoti iliyotoka Machi 2025 alihoji mfumo wa bima ya afya wa SHA, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 104 za Kenya, ulionunuliwa bila ushindani, akaonyesha kwamba umiliki wake haumo mikononi mwa serikali. Ukubwa haulingani na wa kwenu hata kidogo. Kipengele kilichokosekana kinafanana.

Najua kuna jambo hukuuliza ila linakusumbua: wakikasirika, si watazima mfumo? Ni hofu ya haki, na ni sababu ya kwanza inayofanya taasisi nyingi zisaini. Fanya mambo kwa mpangilio huu. Jaribio la seva tupu lifanyike kabla kampuni haijajua kwamba mnafikiria chochote. Nywila za juu zidaiwe kama suala la usalama wa taarifa, mapema, kwa barua tofauti isiyotaja mkataba mpya. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023 mna sababu tosha ya kujua nani anaingia kwenye taarifa za wateja wenu na kwa ruhusa ipi. Chukua nakala kamili kila siku na uihifadhi mahali ambapo kampuni haifiki. Ndipo dokezo liende, ndipo bodi ikae, ndipo mwite kampuni mezani. Wakikataa kutoa kamusi ya data, usigombane nao kikaoni. Omba wakatae kwa maandishi, pokea barua, igonge muhuri wa mapokezi, iweke folio inayofuata dokezo lako. Bodi ikiisoma hiyo, itakuwa na jambo la kuamua ambalo sasa hivi haina.